Wallahi Niliyoiacha Mahakamani

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyosimama mbele ya jaji nikaapa kwamba mimi na saa hatujawahi kukosana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa buibui jipya, maneno yananitoka bila kigugumizi. Mungu anisamehe, siku ile nilijiona mtu.

Nilikuwa nikikaanga viazi karai barazani kwa Bibi yangu mzaa mama, kule Likoni. Kazi yangu ilianza Alasiri ikiadhiniwa. Nikisikia adhana tu, natia mafuta karaini. (Ndiyo, kabla ya kuswali. Usinicheke, Bibi alikwishanisema mpaka akachoka.) Watu wakinitania kwamba mtaa wetu hauhitaji saa, Mwanasha yupo. Nami sifa ile nikaimeza nzimanzima.

Basi mtaa wa nyuma akauawa mwenye duka mmoja, Mzee Bakari. Majirani walisikia ukelele wake Alasiri ikiadhiniwa. Akashikwa Hamisi, fundi seremala, kwa kuwa wiki ile walikuwa wamegombana. Hamisi hakukana kupita pale dukani. Alisema alipita karibu saa nzima baada ya hapo, akitoka kazini, akakuta mlango umefungwa, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimemwona akipita, tena mbio mbio. Mahakamani nikaulizwa ilikuwa saa ngapi. Nikasema Alasiri ilikuwa ikiadhiniwa, natia mafuta karaini. Una hakika? Nikasema wallahi, tena wallahi. Hamisi akahukumiwa kunyongwa.

Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa mteja wangu. Wadhani aliacha kuja? Alikuja vilevile, akanisalimu vizuri, akanunua viazi viwili badala ya vinne. Hivyo viwili vilinichoma kuliko matusi.

Miezi ikapita. Siku moja nikaenda kusaga dengu, nipate unga wa kuchovya viazi, kwenye mashine ya jirani. Mashine ile ikinguruma, hata ukiitwa jina lako husikii. Niliporudi nikasikia adhana, nikatia mafuta kama kawaida. Bibi akachungulia dirishani, akaniuliza mbona leo nimechelewa. Nikamwambia Alasiri ndiyo kwanza inaadhiniwa.

"Alasiri yetu imepita kitambo," akasema. "Hiyo yaadhiniwa na Mahanafi."

Mtaani kwetu misikiti ni miwili. Wetu ni wa Kishafii. Ule mwingine ni wa Kihanafi, na Alasiri yao huja nyuma ya yetu karibu saa nzima. Kila mtoto wa pale anajua, na mimi nilijua. Lakini mwiko uliniponyoka, maana nilikumbuka kwamba hata siku aliyouawa Mzee Bakari nilikuwa nimetoka mashineni. Adhana ya kwanza, ile majirani waliyosikia ukelele ikiadhiniwa, mimi sikuisikia. Kama niliyoisikia ni ya pili, basi Hamisi alipita saa ileile aliyoisema, na mimi nimemtia kitanzini.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu alikuja na kilio. Mjomba akaniambia ninyamaze, nikirudi mahakamani nitafungwa mimi kwa kiapo cha uongo. Shoga zangu wakasema jaji hakuhukumu kwa viazi vyangu peke yake. Siku tatu nikawasikiliza. Ya nne nikamwendea Bibi, nikamkuta juu ya mbuzi akikuna nazi. Nikamweleza yote, nikitaraji atanibembeleza. Hata kukuna hakuacha.

"Ulipoulizwa una hakika, ulisema nini?"

"Nilisema wallahi, Bibi."

"Basi wallahi hiyo ni yako, si ya jaji. Ifuate ulikoiacha. Na wakikufunga, nitakuletea viazi."

Tukapanda feri, mimi na yeye, tukaenda ng'ambo kwa wakili wa Hamisi. Nikaandikishwa hati ya kiapo, ikaingia kwenye rufaa, na rufaa nayo ikajivuta mwaka na zaidi. Mwisho nikasimamishwa mbele ya majaji watatu. Wakili wa serikali akanikazia macho, akataka nimwambie ile niliyoisikia ilikuwa adhana ipi.

"Sijui, mheshimiwa," nikasema. "Nadhani ni ya pili. Lakini sijui."

Watu wakacheka. Mimi nikasikia pumzi inashuka kifuani, mara ya kwanza tangu siku ya mashine. Majaji wakasema hukumu ile haina miguu ya kusimamia, Hamisi akaachiliwa.

Wiki ya pili akaja barazani. Amekonda, kanzu inampwaya. Nikainuka ghafla hata unga ukamwagika. Akaniambia, "Nimekaa ndani nikitunga la kukwambia. Limenipotea. Nipe viazi." Nikalia, nikacheka, nikaviunguza vyote. Akavila hivyohivyo.

Watu huniuliza, kwani kweli hakuua? Natamani niape kwamba hakuua, na moyo wangu waniambia hivyo. Lakini mimi na kuapa tuliachana zamani. Aliyemuua Mzee Bakari hajajulikana mpaka leo, na wanawe wangali na uchungu wao. Ninalolijua ni moja tu: nilipoulizwa mara ya kwanza, jibu lilikuwa sijui, nami nikaona haya kulisema.

Ndiyo maana jana hapa Mishomoroni nilikunyang'anya simu. Umemwona humo kijana wa watu amefungwa pingu, hujui jina la mamake, nawe umeshaandika "muuaji huyo" na watu mia wanakupongeza. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi ongeza na kidole. Ukiona kitu, sema ulichokiona, usikitie chumvi. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui, hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo. Na ukikosea, rudi mwenyewe, hata kama njiani utachekwa. Kuchekwa kunapita, mimi hapa nimechekwa na mahakama nzima na bado nanenepa.

Mola akupe macho ya kuona sawasawa, na ulimi usiotangulia macho. Akulinde usiwe shahidi wa usichokiona, wala asikupe mtu wa kukushuhudia hivyo. Amin. Haya, shika simu yako, ufute ulichoandika. Ufute nikikuona.