Wiki ya Kutaja Namba na Kuzima

Shule niliiacha darasa la nne, lakini mto niliujua kuliko wahandisi. Miaka ile ya sabini nilikuwa msomaji wa kipimo cha maji, kituo cha juu ya Madibira. Ubao wenye namba umesimikwa mtoni. Naangalia maji yamefika wapi, naita kwa redio koli. Chini kule, kwenye mashamba ya mpunga, anayepokea ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Maji yakipita mita tatu, anagonga rimu ya lori na watu wanatoka bondeni.

Bwana maji alikuja kutoka Iringa na saa yake ya mkononi. Alitaka kujua njia ipi ni bora: nitaje namba, shemeji airudie, ndipo nizime, au nitaje tu na kuzima, tuokoe betri. Kila njia wiki moja.

"Mimi wa kurudiwa?" nilimwambia. "Sauti yangu inafika Mbeya hata bila redio."

Siku ya nne ya wiki ya kutaja na kuzima, mvua ilinyesha milimani. Maji yakawa mekundu, yakapanda ubao huku nikiyaona. Tatu na nusu. Mke wangu alikuwa bondeni anapandikiza mpunga, mtoto mgongoni. Nikataja namba, nikazima.

Bwana maji anaandika dakika.

"Bwana, niwashe nimuulize?"

"Utaharibu jaribio."

Nikawasha. "Shemeji, rudia! Shemeji!" Redio inakoroma tu. Mimi niliyewahi kumfukuza fisi kwa fimbo, kitufe kile nilikishika kwa mikono miwili. Akilini nilimwona mke wangu, matope magotini, ameinama, hajui. Niliita tena na tena.

"We darasa la nne, kelele za nini?" Shemeji alikuwa anahema. "Nilikusikia mara ya kwanza! Nagonga rimu, nitakujibuje? Dada yangu huyu hapa, anakulaumu kwa miche yake aliyoiacha bondeni."

Nilikaa chini, topeni.

Bwana maji alifurahi. "Umeona? Ujumbe ulifika, na betri imebaki."

"Ulifika kwake," nikamwambia. "Kwangu haukufika."

Aliandika anayoyajua yeye. Mimi sikuzima tena redio kabla ya kurudishiwa namba, hata kiangazi, maji yakiwa ya kulowanisha nyayo tu. Shemeji alikuwa ananiimbia: "Sifuri nukta mbili, bwana mkubwa, sifuri nukta mbili, na mkeo mzima."