Nilitafuta chuo na D+, halafu aibu ikakaribia kuninyima nafasi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi kuna kijana alifungua uzi akisema ana D+ na hajui atume maombi chuo gani. Watu wakamcheka kurasa mbili nzima. Mimi nilisoma nikanyamaza, lakini imenikaa rohoni, kwa hivyo leo acha nitoe yangu.

Nitaeleza vile ilikuwa tu. Pahali nilikuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, maana hapa hakuna anayenijua na sina haja ya kujipamba.

Nilimaliza form four miaka ya tisini, nyumbani Malava. Matokeo yalipotoka nilienda shuleni kuchukua result slip nikiwa nimevaa nguo ya kanisa. Nilikuwa na uhakika wa C.

Mean grade, yaani wastani wa masomo yote, D+.

Nililia mpaka kamasi. Sitawadanganya, sikulia kwa sababu ya masomo, nililia kwa sababu ya baba. Baba alikuwa mkulima wa miwa na alikuwa amesema mapema kabisa: "Wewe una mwaka mmoja wa kupata chuo. Mwaka ujao Ayub anamaliza, na mimi siwezi kusomesha watu wawili. Mwaka wako ukipita, umepita."

Ayub ni ndugu yangu mdogo. Baba hakusema kwa ukali. Alikuwa anaeleza tu hali ya nyumba, na kila mtu pale nyumbani aliielewa.

Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi. Nipate chuo kabla ya mwaka kuisha, ama nibaki shambani nikipalilia miwa hadi nipate mtu wa kunioa.

Sasa nyinyi watoto wa simu hamjui vile tulikuwa tunaomba chuo. Unaandika barua kwa mkono kwenye foolscap. Unaenda Kakamega mjini kutoa fotokopi ya result slip. Halafu ndani ya bahasha unaweka bahasha nyingine tupu, yenye stempu na anwani yako, ndiyo wakujibie nayo. Ukisahau hiyo ya ndani, basi umejiandikia bure.

Na anwani yenyewe? Nani alikuwa na sanduku la posta? Sisi tulitumia la kanisa, watu wote wa pale. Jumapili baada ya matangazo, karani wa kanisa, Mzee Shiundu, anasimama na kusoma majina ya wenye barua. Unaitwa, unaenda mbele, unachukua, unarudi kukaa. Kanisa lote linakuangalia.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa kusikiliza kila mtu. Kila mtu alisema "tuma P1, kuwa mwalimu". Mama akasema nursing. Tangazo kwenye gazeti lilisema wazi wanataka C na zaidi, lakini watu wakaniambia "tuma tu, huwezi jua." Nikatuma vyuo viwili vya ualimu na kimoja cha unesi.

Majibu yakaanza kuja. Na ukiona bahasha yako mwenyewe imerudi, mwandiko ni wako, nyembamba, unajua tayari. Kanisa lote pia lilijua. Anayekubaliwa huletewa bahasha kubwa, iko na fomu na orodha ya vitu vya kubeba.

Nikaitwa mbele mara tatu na bahasha nyembamba. Mara ya tatu nikasikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Huyu naye, kumbe bado anaandikianga vyuo?"

Jamani, niliumia. Nilitaka benchi inimeze.

Kesho yake nilienda kwa Mwalimu Isaya. Huyu alinifundisha Physics, alikuwa mtu wa maneno machache na hakupenda kubembeleza mtu. Nikamwonyesha result slip. Akaisoma yote, hata yale masomo niliyokuwa nimefunika na kidole.

Akasema, "Physics B-. Maths C. Mbona unatuma ualimu?"

Nikamwambia mean grade ni D+.

"Nimeiona. Kiswahili umepata D-, historia E, hizo ndizo zimekuvuta chini. Ukienda kufunga stima kwa nyumba ya mtu, atakuuliza historia?"

(Ndiyo wakuu, Kiswahili nilipata D-. Mnaoanza kusahihisha sarufi yangu, mmeshachelewa.)

Akatoa magazeti ya zamani aliyokuwa ameweka, tukayatandaza mezani. Akaniambia niache kuangalia jina la chuo na picha ya jengo. Niende moja kwa moja kwa yale maandishi madogo ya mahitaji, nitafute vitu viwili: wanachukua grade gani ya chini, na wanataka somo gani. Chuo kikitaka C, kata na kalamu. Kikikubali D+ lakini kinataka somo ambalo nimeanguka, kata.

Tulianza na vyuo kumi na vinne. Tulikata mpaka vikabaki vitatu. Vyote vya ufundi, vyote kozi ya craft, yaani cheti cha fundi, ya umeme.

Nilirudi nyumbani nikijiona mtu tena. Hapo ndipo nikafanya ule ujinga wenyewe.

Zile barua tatu sikutumia sanduku la kanisa. Niliapa sitaitwa mbele tena na bahasha nyembamba. Binamu yangu Rose alikuwa anauza kwenye duka la hardware Kakamega mjini, na duka lilikuwa na sanduku lake. Nikaandika anwani ya duka. Nikamwambia Rose asimwambie mtu, na barua ikija anitumie ujumbe na yeyote anayekuja Malava.

Nikangoja. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia. Kimya. Nikajiambia basi, hata hawa wamenikataa, angalau hakuna aliyejua. Niwaambie ukweli, nilisikia hata afueni kidogo. Angalieni vile aibu inaharibu kichwa.

Siku moja nikakutana na Mwalimu Isaya sokoni. "Wamesemaje?"

"Hawakujibu."

"Wote watatu?" Akanikazia macho. "Uliweka bahasha na stempu?"

Nikasema ndiyo.

"Chuo kinaweza kukukataa, lakini vyuo vitatu kula stempu yako, hapana. Barua ziko mahali. Zitafute."

Kesho yake asubuhi nikaenda Kakamega. Nikafika dukani, Rose hayuko. Mwenye duka akasema aliolewa Bungoma wiki nyingi zilizopita, aliondoka haraka bila hata kuaga vizuri. Nikauliza barua. Akanyoosha mkono kwenye mkebe wa misumari, akatoa tatu zenye vumbi. "Nilidhani ni za wateja," akasema.

Mbili zilikuwa regret, za kunikataa. Ya tatu ilikuwa inaniita interview, chuo kimoja upande wa Eldoret. Tarehe ilikuwa imepita kwa siku kumi na moja.

Nilikaa kwenye mfuko wa simiti pale dukani. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe. Vyuo havikuwa vimenifungia mlango. Mlango nilikuwa nimefunga mimi, kwa kuogopa kuonwa na watu wa benchi ya nyuma.

Nikapanda basi la Eldoret kesho yake.

Karani wa chuo alikuwa mama mpole lakini hakuyumba. Interview imepita, orodha imeshachapwa, nijaribu mwaka ujao. Nikamwambia sina mwaka ujao. Akauliza kwa nini sikuja. Nilikuwa nimepanga kudanganya kwamba nilikuwa mgonjwa. Lakini nikamwambia yote, kanisa, bahasha, duka, mkebe wa misumari. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaniambia ningoje mkuu wa idara ya umeme.

Mkuu wa idara akaja na karatasi. "Chora taa ya ngazi, swichi mbili, moja chini na moja juu." Nikachora. Hiyo Mwalimu Isaya alitufundisha mpaka tukaiota. Akaangalia, akaweka karatasi mfukoni.

"Sina nafasi," akasema. "Lakini siku ya kuripoti kuna wale huwa hawaji. Siwezi kukuahidi kitu."

Hiyo ndiyo barua pekee ya kukubaliwa niliyopata, wakuu. Siwezi kukuahidi kitu.

Siku ya kuripoti ilipofika nilipakia sanduku la chuma, godoro nikalikunja. Baba akauliza kama barua ya kukubaliwa imekuja. Nikamwambia, "Haijakuja, baba. Naenda kungoja pale pale."

Baba akatoka nje kuleta baiskeli. Halafu akafunga sanduku juu yake, tukaenda mpaka barabarani. Basi lilipokuja akaniambia, "Ukirudi nalo usione haya. Hapa ni kwenu."

Wanafunzi waliripoti kwa siku mbili. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu nje ya ofisi siku zote mbili, kila mtu akipita ananitazama. Wazazi, wanafunzi, wapishi. Wengine waliniuliza nangoja nini, nikawaambia nangoja mtu asije. Nililala kwa chumba cha wafanyakazi, yule mama karani alinisaidia.

Siku ya pili saa kumi, mkuu wa idara akatoka na orodha. Majina thelathini yaliyochapwa. Mmoja hakuwa amekuja. Akatoa kalamu, akamkata, akaniuliza ninavyoandika jina langu. Nikamtajia herufi moja moja.

Nimefunga stima miaka mingi tangu hapo. Shule, zahanati, na nyumba nyingi ambazo sizikumbuki. Hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza mean grade.

Kwa yule kijana: usitume maombi kwa jina la chuo, tuma kwa masomo uliyopita. Soma yale maandishi madogo. Ukikosa tarehe, nenda mwenyewe, useme ukweli. Na usifiche kwamba unatafuta. D+ ilinifungia vyuo kumi na vitatu, lakini kile cha mwisho nilikaribia kujifungia kwa mikono yangu.

Waliopitia njia kama hii semeni hapa chini, hasa mliopata E mahali na mkaendelea. Na wale mliomcheka kijana, mko na nafasi ya kurudi kwa uzi wake mkamwambie kitu cha maana.