Tembe Baada ya Ushuhuda

Mama yangu alikuwa na pumu, na mimi ndiye niliyemwachisha dawa. Ndugu zangu husema sote tulikuwa wajinga siku zile. Wanasema hivyo kwa sababu hawakuwepo nyuma ya jiko.

Tulikuwa tukichuma kahawa kwenye shamba la Mzungu karibu na Ruiru. Daktari mmoja wa Thika alimpa tembe, moja asubuhi na moja jioni, akamwonya asiache hata akijisikia mzima. Kwa miezi kadhaa Mama akapumua vizuri, akawa anabeba kikapu mpaka kwenye mizani bila kupumzika njiani. Jumapili moja akasimama mbele ya waumini, akashuhudia kwamba Bwana amemponya. Tuliimba mpaka sauti zikatukauka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeokoka juzijuzi tu, na hakuna aliyepiga makofi kunishinda.

Kanisani kwetu, aliyeshuhudia kuponywa kisha akaonekana na dawa aliitwa mbele tena, akatubu uongo wake hadharani. Kwa hiyo nilipomkuta Mama nyuma ya jiko akimeza tembe, alishtuka kama mwizi.

"Maitu, mama yangu, kwani ulidanganya kanisani?" nilimwuliza.

"Sikudanganya. Nilisikia nimepona. Lakini daktari alisema nisiache."

"Sasa wewe unaamini nani, daktari ama Mungu?"

Alitembea mpaka chooni, akazimwaga tembe zote shimoni, nami nimesimama mlangoni kuhakikisha. Nilijiona mtakatifu.

Pumu ilimrudia wakati wa baridi, tukiwa shambani asubuhi. Aliketi chini katikati ya mibuni, mabega yakipanda na kushuka, midomo ikibadilika rangi. Waumini wenzake waliacha vikapu, wakamzunguka wakaomba, na mimi niliomba kwa sauti kubwa kuliko wote. Mnyapara, ambaye hakuwa mtu wa kanisa lolote, ndiye aliyekimbia kutafuta lori. Mama alikata roho njiani, kabla hatujafika Thika.

Mazishini walisifu imani yake, kwamba alikufa bila kugusa dawa. Kisha wakaniomba niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye alipokata roho. Nilisimama mbele yao, nikasema ni kweli, tembe alizimwaga mwenyewe, kwa mkono wake.