Anawasukuma Wengine Mawimbini, Ubao Wake Umefungiwa Stoo

Maji yanamfika kifuani. Mbele yake mgeni amelala kifudifudi juu ya ubao, ameung'ang'ania kama mtoto asiyetaka kushushwa mgongoni. Mwanamume anaushika ubao kwa nyuma, anageuka kuitazama bahari, anaacha wimbi moja lipite, la pili nalo lipite.

"Hili lako, dada. Jiandae."

Anasukuma. Ubao unachomoka, mgeni anainuka, anayumba, anasimama. Ufukweni wanapiga makofi na picha. Aliyesukuma hayumo pichani. Ameshaipa tena nchi kavu mgongo, anamtafutia mgeni mwingine wimbi.

Wenzake wanamwita Injini. Ana miaka hamsini na mmoja, na kazi yake katika shule hii ya kuteleza juu ya mawimbi ni hiyo tu: kusukuma wanaoanza. Wageni wengi huondoka wakiamini wimbi wamelidaka wenyewe, naye huwaacha hivyo hivyo.

"Mtu amefurahi, unamharibia ya nini?" anasema, akikamua fulana.

Amesukuma kwa miaka kumi na tisa. Kupanda ubao mwenyewe hajaruhusiwa hata siku moja. Mlangoni mwa stoo pamepigiliwa kibao: Mbao ni za wageni.

Mwaka jana alikuja muuguzi mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu. Alianguka wiki nzima. Vijana walimcheka. Injini alimshika mkono kila alipoibuka, akamwambia bahari haina haraka na mtu. Siku ya mwisho mama yule alisimama hadi ubao ukagusa mchanga. Alitoka majini akilia, akambebesha Injini ubao wake wa bluu, alioununua kwa pesa yake, mbele ya shule nzima.

"Huu wako, kaka. Sasa ni zamu yako."

Jioni ile ile meneja aliufungia stoo, "kwa usalama". Kesho yake ukaanza kukodishwa.

Hilo lirudiwe, lisije likapita kama jambo la kawaida. Mgeni analipa, anapewa ubao aliozawadiwa Injini, kisha Injini anaitwa amsukume juu yake. Hapati hata senti ya ukodishaji huo.

Alipoulizwa na mwandishi, meneja hakukana. "Akijua kupanda, kesho atataka kufundisha," alisema, akikoroga chai yake. "Sasa nani atasukuma?"

Kwa hiyo Injini anajifunza kwa kuibia, asubuhi kabla ya kazi, ng'ambo ya miamba ambako shule haioni. Fundi anayeziba nyufa za mbao aliokota vipande viwili vya ubao uliovunjika, vilivyotupwa nyuma ya vyoo, akaviunganisha kwa gundi iliyobaki mkebeni. Malipo alikataa. "Ukizama nao, usinitaje," alimwambia, wakacheka.

Woga Injini hana. Kinachomwangusha ni mazoea. Wimbi likishamwinua, shingo inageuka nyuma yenyewe kulitazama linalofuata, kama inavyogeuka kazini kutwa nzima. Shingo ikigeuka, mwili nao unaifuata, na ubao unamponyoka.

Mwalimu wake ni mkewe, fundi cherehani asiyejua hata kuogelea. Hukaa mchangani, sweta mabegani, na kumwita ili atazame mbele.

"Baba watoto, huku! Huko nyuma umesahau nini?"

"Naangalia linalokuja."

"Linalokuja la nani? Mgeni yuko wapi? Mgeni leo ni wewe. Nitazame mimi."

"Nikutazame wewe, niiache bahari?"

"Wakati unanichumbia ulinitazama bila kusukumwa na mtu."

Anaanguka, anarudi. Anaanguka tena, anatema maji, anarudi. Kisha wimbi dogo la povu linamwinua, macho yake yanabaki kwa mkewe, na miguu inanyooka. Injini amesimama. Mkewe naye amesimama, mikono kinywani.

Halafu gundi inaachia.

Anatoka majini na nusu ya ubao kwapa la kulia, nusu kwapa la kushoto, anacheka hadi anakohoa. Mkewe hacheki. Anamfunika sweta lake, anamkausha masikio kama anavyokausha ya wajukuu, kisha anapanda juu ya miamba na kutazama upande wa shule. Stoo imeshafunguliwa. Kijana mmoja anaufuta vumbi ubao wa bluu, tayari kwa mgeni wa kwanza.

"Wako ule pale," anasema.

"Jumatatu nitauomba."

"Huombi kilicho chako. Unakwenda kukichukua."

Wasukumaji wenzake wanne wameshakubaliana. Akifukuzwa kwa sababu ya ubao ule, hakuna atakayeingia majini. Wote wana watoto wa kulisha, na wote wanajua meneja anaweza kuajiri wengine. Hata hivyo wamesema wataandamana naye hadi mlangoni.

Injini anataka kupanda palepale mbele ya shule, apate mazoezi ya kutosha, kisha aombe nafasi ya kufundisha wanaoanza. Anasema anaujua woga wao kuliko mtu yeyote, maana ameushika kwa mikono.

Anapendekeza waende asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa. Mkewe anakataa.

"Tutakwenda mchana, wageni wote wakiona. Wa kunyata ni yule aliyeuchukua."