Waingereza Wanaosoma Mezani

Nilikwenda Marekani kumfumania baba yangu katika uongo wake. Kwamba alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita haikunizuia. Ilinirahisishia kazi, maana hangeweza kunijibu.

Ujanani baba alisomea upimaji wa ardhi katika mji mmoja wa Uingereza, akarudi Machakos na koti zito na habari moja: Waingereza husoma. Mfagiaji husoma, muuza nyama husoma, abiria husoma kwenye basi, familia husoma mezani. Kwa hiyo naye akasoma mezani. Kila mlo kitabu kilisimama mbele ya uso wake, nasi, mama na watoto wanne, tukala kimya kwa heshima ya Uingereza. Nilipofeli kidato cha nne nikawa fundi wa friji, alinitazama juu ya jalada, kisha akafungua ukurasa mwingine.

Basi shangazi Mwikali, dadake mdogo aliyehamia Maryland kutunza wazee wa watu, akapiga simu. Alikuwa na barua ambazo baba alimwandikia nyanya kutoka Uingereza, na kuna mtafiti aliyezitaka. Mtafiti huyo hukusanya ushahidi wa jinsi Waingereza wa kawaida walivyosoma zamani: nani alisoma, alisoma nini, wapi. Lakini shangazi alikataa kutoa karatasi za marehemu bila mtoto wake kuwapo na kukubali. Nikasema nakuja. Nilihitaji Mwingereza mmoja tu asiyesoma, aliyeandikwa kwa mkono wa baba mwenyewe.

Siku ya pili ya safari, mchana, nilitua uwanja wa ndege wa Dulles. Mjukuu wa shangazi, Faith, alikuja kunichukua kwa gari. Mimi nilisema Kiswahili, yeye akajibu Kiingereza, na tulielewana kuliko wengi wanaotumia lugha moja. Pale Sterling tulipita majengo makubwa yasiyo na dirisha hata moja. Nikauliza kama ni jela.

"No, Uncle, data centers. The internet kind of lives in there."

Kumbe ndiko intaneti inakokaa, ile inayonikimbia Machakos mvua ikinyesha. Nilifurahi kuona imejengewa vizuri. Mitambo ya kupoza iliyokuwa juu ya mapaa niliitazama kwa wivu wa kikazi.

Jioni tulifika Adelphi anakokaa shangazi, kwenye nyumba za ghorofa zinazonukia vitunguu vya nchi kumi. Shangazi alinipa chapati na maharagwe. Barua zilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, karibu kabisa na mkono wangu.

"Nipe nizipitie tu, shangazi."

"Utazisoma kesho mbele ya huyo msomi. Sitaki kuzisikia mara mbili."

"Si mimi nitasoma kimyakimya?"

"Mutua, kula."

Nikala. Mwanamke huyu ameosha na kulisha majenerali wastaafu kwa miaka mingi. Mimi fundi wa friji ningembishia nini?

Asubuhi tulipanda basi hadi Wheaton, tukashuka kwenda kwenye treni. Ngazi ya umeme ya hapo ni ndefu kiasi kwamba mtu anaweza kuanza kushuka akiwa na msimamo na kufika chini ameubadilisha. Mimi nilifika na wangu.

Saa nne tulikuwa katika chumba cha maktaba mjini. Walituondolea mikoba, kalamu za wino na chupa yangu ya chai, wakatupa penseli, kama watoto wa chekechea. Baridi ilikuwa ya friji ya maziwa, imesawazishwa vizuri, nakiri. Mtafiti, Denise, ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukipiga pasi kabisa.

"Shikamoo, mama. Hujambo, bwana Mutua. Nimefurahi mno kuonana nanyi."

"Marahaba," shangazi akasema, kisha akaninong'oneza, "Huyu anaongea kama redio ya zamani."

Denise alikuwa na fomu. Msomaji, kitu kilichosomwa, mahali, kwa sauti au kimya. Nikafungua barua ya kwanza, nikasoma.

"Mama mpendwa, mimi sijambo. Watu wa hapa husoma sana. Kwenye basi kila mtu ana gazeti."

Penseli ya Denise ikakimbia. Kumbe baba alikuwa mkweli, tena kwa maandishi. Nikaendelea.

"Gazeti hilo hufunguliwa ninapoketi. Juzi mzee mmoja alilifungua kwa haraka, akalishika juu chini, akalitazama hivyo mpaka niliposhuka. Mezani, mwenye nyumba na mumewe husoma ninapokula nao. Nikichelewa, huwasikia kutoka ngazini wakizungumza na kucheka. Nikiingia, vitabu hufunguliwa. Nimenunua changu, nisionekane kama mtu anayengoja kusemeshwa."

Nilikuwa nimempata Mwingereza wangu asiyesoma. Sikumfurahia hata kidogo.

Denise aliinua penseli. "Samahani. Lile gazeti lililopinduliwa, niandike kwamba lilisomwa?"

"Andika lilishikwa," shangazi akasema.

Kisha akanigeukia. "Barua aliandika kwa Kiswahili cha shule, na mum alijua Kikamba tu. Mimi ndiye nilikuwa na-translate. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Mutua. Aliponiuliza mwanangu anasemaje, nikamwambia wazungu wanasoma sana. Nikaishia hapo."

"Na baba aliporudi?"

"Alikuta mum ameshatangazia kijiji kizima. Akamwambia, mwanangu, nasikia huko wanasoma mpaka mezani. Baba yako akaniangalia mimi. Akasema, ndiyo, mama. Sana."

Nililia mbele ya msomi wa watu, katika chumba ambacho hata chai hairuhusiwi. Nilikuwa nimesafiri kumkamata mwongo, nikapata kijana aliyekuwa na upweke na msichana aliyemwonea mama yake huruma. Nikakubali barua zibaki, kwa sharti kwamba Denise aandike kila neno, hata lisilo na nafasi kwenye fomu. Akaigeuza karatasi, akaandika nyuma.

Wiki iliyofuata nilirudi Machakos na nakala mfukoni. Nilichojifunza ni kidogo kwa safari ndefu hivyo: kumwona mtu na kitabu si ushahidi kwamba anasoma. Nilitaka kumpa mama funzo hilo likiwa limefupishwa, maana ndiyo desturi ya ukoo wetu. Lakini macho yake sasa hayaoni maandishi, na Jumapili, baada ya chakula, aliniambia, "Nisomee. Yote."

Nikamsomea yote, mpaka kwenye kile kitabu alichokinunua baba ili asionekane kama mtu anayengoja kusemeshwa. Mama alisugua meza kwa kiganja, mahali ambapo sahani ya baba ilikuwa ikikaa.

"Miaka arobaini na minane," akasema. "Na mimi nilikuwa nangoja amalize ukurasa."