Nilipulizia Dawa Mikorosho ya Bi Tatu

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, nilisimama katikati ya shamba langu kule Kisarawe nikamwita mama wa watu mwizi, mbele ya mke wangu na wanawake saba wa kikoba chake. Aibu ile ikinijia nikiwa kazini, mpaka leo naweka bisibisi chini. Lakini hasira nayo ninayo, na nitasema kwa nini.

Mimi ni fundi majokofu, naishi Visiga, na karibu kila ninachojua nimejisomea mwenyewe. Nilipotaka shamba la mikorosho nilisoma habari za udongo, nikasoma sheria ya ardhi, nikapima mipaka kwa kamba yangu mwenyewe, nikahakikisha kwamba muuzaji, kijana aitwaye Shabani, kweli alirithi ekari zile tatu kwa baba yake. Alitaka milioni tisa. Nilikuwa na tano. Nne alizikopa mke wangu, Mama Neema, kwenye kikoba chao cha Tangini, akaweka dhamana vyerehani vyake viwili (anashona sare za shule, ndivyo vinavyotulisha kazi zangu zikikauka), na mavuno ya kwanza ndiyo yangelipa deni.

Siku ya kuandikishana, mwenyekiti wa kitongoji aliniambia, "Fundi, kaa kwanza na majirani mnywe chai, wakueleze shamba." Mimi nikaona hiyo chai ni njia ya kunichomoa hela, nikasema nina haraka, tukasaini.

Nikalipa vibarua wa palizi, nikanunua salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, nikapulizia. Mikorosho ikabeba mpaka matawi yakainama. Wanakikoba walipoanza kumsumbua Mama Neema kwa maswali, nikasema (nani alinituma?) waje wote wajionee kwa macho yao, nikakodi gari, tukapika pilau, tukaenda.

Tukamkuta mama mtu mzima na binti zake wawili wanaokota korosho, magunia mawili yameshajaa.

"Wezi! Wezi hao!" nikapiga kelele, na watu wakatoka kila upande, wengine na mapanga.

Yule mama akajinyoosha kiuno taratibu. "Mwanangu, hata shikamoo hujanipa, wizi umeshanipa?"

"Hili shamba langu! Nina mkataba!"

"Shamba lako, nani kakukatalia? Mikorosho yangu. Nimeipanda mimi, kwa ruhusa ya baba yake Shabani, nikiwa na mimba ya huyu." Akamwonyesha binti yake, mama mzima mwenye mvi.

Mwenyekiti alipofika, akihema, akasema ni kweli: huku ardhi ina mwenyewe na miti ina mwenyewe, aliyepanda ndiye anayevuna, na kila mtu anajua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia ukae na majirani. Bi Tatu huyu ndiye jirani."

Hapo ndipo ninapowaka! Shabani alinitembeza chini ya mikorosho ile mti kwa mti, akisema "hii inazaa balaa," bila kusema inamzalia nani. Baadaye nilipompigia simu akanijibu, "Kwani uliuliza miti, mzee?"

"Na nilipopulizia dawa je?" nikamuuliza Bi Tatu.

"Tulisema mgeni huyu ana roho nzuri. Nilikuombea dua."

Watu wakacheka mpaka wenye mapanga wakayaweka chini. Mama Doris, mwenyekiti wa kikoba, hakucheka. Alimuuliza mke wangu kwa upole kabisa, "Sasa mwenzetu, vile vyerehani tuje kuvichukua lini?"

Mama Neema hata hakunitazama. Alikwenda kwa Bi Tatu, akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama, utusamehe," akampakulia pilau.

Vyerehani viliokoka, kwa sababu niliuza shamba kwa milioni sita na nusu. Aliyenunua ni binamu yake Shabani, ambaye habari za miti alizijua tangu utotoni, na bei akaipanga kwa kujua huko huko. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba kinachotulisha leo hakitawekwa tena dhamana ya kitu ambacho bado hakijatulisha. Ukijumlisha hasara ya shamba, riba, palizi, salfa, gari na pilau, zimekwenda shilingi milioni tatu, laki tano na elfu themanini na tano.