Safu ya Mwenye Nyumba

"Jumatatu, tarehe 4 Machi. Mvua tangu alfajiri, imekatika saa nne. Matope ya Kerende mpaka kifundoni. Nimeanza kazi. Nimebeba waya."

Hivyo ndivyo daftari langu la kwanza linavyoanza, na nikilisoma naona haya kwa ufupi wake. Mwaka sikuandika, nilidhani nitaukumbuka. Ninachokumbuka ni kwamba habari ya dhahabu ilikuwa imepamba moto, watu wanashuka na sururu kutoka Kahama na ng'ambo ya Sirari, na chumba cha kulala kilikuwa kigumu kupata kuliko kazi. Mimi nilikuwa mkulima wa Turwa, darasa la saba, sijawahi kugusa kompyuta. Kampuni ndogo ya Mwanza, iliyopewa kazi ya kufunga mitambo ya kompyuta kwenye mgodi mmoja pale Kerende, ilitafuta mtu wa kubeba waya, anayejua Kikurya na asiyeogopa kupanda mnara. Nilikaa nayo mpaka nikastaafu.

Nyinyi vijana mnaosoma kompyuta mnaniuliza wasanifu wa mifumo walikuwa wanafanya nini hasa, maana wengi wao hamkuwaona wakishika bisibisi. Nitasema nilichoona. Mengine yalinipita, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Msanifu wa Mtandao. Kazi yake ni kuamua njia: waya upite wapi, mnara usimame kilima gani ili uonane na mwenzake, na njia moja ikikatika habari zizungukie wapi. Mzee mmoja wa Kerende aliposikia msanifu amekuja, alifika na kamba ya kupimia, anataka kuchorewa nyumba ya vyumba vinne.

"Shikamoo mzee. Mimi sichori nyumba," Msanifu akamwambia.

"Sasa unasanifu nini?"

"Njia za habari."

"Ziko wapi hizo njia?"

"Hewani."

Mzee akatazama juu, akatazama chini, akanigeukia mimi. "Mura, kijana wangu, huyu atakupotezea mwaka. Rudi ukapalilie."

Sikurudi. Mwezi uliofuata nilimwambia Msanifu kwamba kilima alichokichagua wachungaji hukichoma moto kila kiangazi ili majani yachipue. Alifuta ramani, akachora upya. Kiangazi kilipofika kile kilima kiliungua chote, na mnara wetu ukiwa umesimama salama upande wa pili. Siku hiyo niliandika mistari sita, mingi kuliko kawaida yangu.

Baada ya mnara nikahamishiwa kwa Msanifu wa Usalama, aliyekuwa askari zamani. Huyu anasanifu milango: nani aingie, aone nini, na atajulikanaje kwamba ndiye yeye. Alitengeneza kadi yenye picha, jina, na jinsia, ME au KE, na askari wa kila mlango alikuwa na kompyuta ya kulinganisha kadi na uso. Wengi walimwita mkali. Nimtendee haki: mimi mwenyewe alinirudisha getini mara mbili kwa kusahau kadi, na yeye mwenyewe alipoisahau ya kwake alirudi kambini kwa miguu kuifuata.

Halafu alikuja Msanifu wa Data, dada mpole kutoka Tanga. Huyu anapanga jinsi taarifa zinavyokaa: kila kitu kina safu yake, na kila safu ina sheria yake ya nini kiingie. Alinitoa kwenye waya akaniweka kwenye meza, niandikishe wafanyakazi na watu wao wa nyumbani, ili wote watibiwe kwenye zahanati ya mgodi. Nilijifunza kuchapa kwa vidole viwili. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Wiki ya kwanza tu tuligongana na lugha. Fomu inasema "jina la baba", na baadhi ya wazee waliandikisha majina ya mama zao, kwa sababu kwa Kikurya mama ndiye anaitwa baba, na baba anaitwa tata. Yule dada alicheka mpaka akavua miwani. Akaweka sheria kwenye kompyuta: safu ya baba au ya mume isipokee mtu wa jinsia KE. Ilikuwa sheria nzuri. Makosa mengi yaliisha siku ile ile.

Ndipo akaja Robhi, aliyekuwa anapika jikoni kwa wafanyakazi.

"Jina la mume?"

"Bhoke."

Msomaji wa mbali hatajua, kwa hiyo naeleza. Bhoke ni jina la kike. Bhoke alikuwa mama mtu mzima asiye na mtoto wa kiume, akamtolea Robhi mahari ya ng'ombe kwa desturi yetu tunayoiita nyumba ntobhu, ili watoto wa Robhi wawe watoto wa nyumba yake na wairithi. Kwetu hilo si ajabu. Mimi mwenyewe shangazi yangu alioa hivyo. Lakini nilipochapa Bhoke na kuweka KE, kompyuta ilikataa. Nikachapa tena, ikakataa. Foleni ilikuwa ndefu. Ningeweza kusimama nikamuuliza Msanifu, alikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Niliogopa aone kwamba sijui kazi. Nikaandika ME. Kompyuta ikapokea vizuri kabisa.

Wiki tano baadaye Robhi alinifuata mezani kwangu, akiwa bado na aproni.

"Mwita, uliandika nini kwenye kadi ya mume wangu?"

"Kwa nini?"

"Mguu wake umevimba mpaka gotini, ana homa. Nimemleta zahanati, askari amesema hii ni kadi ya mwanaume, tumeighushi. Ameishika kadi na mimi ameniandika jina. Kesho kutwa naitwa ofisini kujibu."

"Niliandika ME."

"Uliona ndevu wapi?"

"Kompyuta ilimkataa."

"Kompyuta imemkataa Bhoke, wewe ukamgeuza." Hakupandisha sauti. "Na kazi nikifukuzwa, utakuja kupika wewe?"

Nilikwenda kwenye kontena letu la ofisi. Nisijisifu: njiani nilifikiria kusema ni kosa la kuchapa. Ndani nilimkuta yule dada, Msanifu wa Usalama, na Msanifu Mkuu aliyekuwa amekuja kutoka Dar. Huyu ndiye anayetazama kampuni nzima: mifumo yote ipatane, na yote itumikie kazi iliyokusudiwa. Kumbe walikuwa wanaisema ile kadi.

"Ni mimi," nikasema. "Yule mama ni mume. Mimi ndiye niliyeandika ME ili fomu ikubali."

"Mama ni mume?" akauliza Msanifu wa Usalama.

Nikaeleza desturi yote, kwa kigugumizi. Msanifu Mkuu hakuuliza juu ya desturi. Aliuliza, "Yuko wapi sasa hivi?"

"Nje ya zahanati, amekaa chini."

"Atibiwe kwanza."

Aliyeinuka ni Msanifu wa Usalama. Alikwenda mwenyewe, akatia saini kwenye kitabu cha mlangoni, akamshika Bhoke mkono mpaka kitandani. Aliporudi alinikazia macho. "Mlango wangu ulifanya kazi yake. Wewe ulinipa kadi ya uongo."

"Ndiyo, mkubwa."

Nilipewa barua ya onyo. Niliistahili, na ninayo. Jina la Robhi lilifutwa kwenye kitabu cha askari siku hiyo hiyo, mbele yangu.

Mabishano yalibaki juu ya safu. Kwenye simu aliitwa Msanifu wa Suluhisho, ambaye anashughulika na mfumo mmoja mpaka utatue shida moja. Wake ulikuwa huu wa zahanati. Yeye hakutaka kugusa safu, maana ukibadili hapa, orodha ya dawa na ya vitanda zinavunjika, na mgodi unasubiri. Alikuwa na haki. Alisema huyo mama aandikwe pembeni kwa mkono.

"Wako wangapi kama yeye?" Msanifu Mkuu akaniuliza.

"Sijui idadi. Kila kijiji wapo."

"Basi si wa pembeni."

Yule dada akanigeuzia kiti. "Kaka Mwita, ingekuwa kazi yako, hapa penye 'mume' ungeandikaje?"

 Nikasema kama mama yangu alivyokuwa akisema. "Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si yule anayetudai kodi?" sauti ikatoka kwenye simu, wakacheka wote.

"Huko kwenu," nikasema. "Huku ni yule ambaye nyumba inaitwa kwa jina lake. Awe ME, awe KE."

Ilimchukua yule dada siku nne. Safu ya "mume" ikatoka, ikaingia "mwenye nyumba", bila sheria ya jinsia. Orodha ya dawa ilivunjika kweli, kama alivyosema Msanifu wa Suluhisho, na aliitengeneza yeye bila kununa. Kadi mpya ya kwanza ilikuwa ya Bhoke, KE. Aliivaa shingoni hata akienda sokoni. Mguu ulipona, akaishi miaka kumi na mmoja zaidi.

Miaka yangu ya mwisho nilipelekwa wilaya ya Serengeti, huko Mbalibali, kufunga kompyuta za zahanati. Kijana mhandisi akanifungulia fomu mpya iliyotoka makao makuu, na safu ya nne imeandikwa "mwenye nyumba".

"Sijui nani alibuni hili neno," akasema. "Lakini huku linatufaa."

Nikaendelea kuchomeka waya. Labda ningemwambia. Neno halikuwa langu, lilikuwa la mama. Mpango ulikuwa wa yule dada. Na lisingehitajika upesi vile kama nisingeandika uongo. Nimeligawa hivyo mara nyingi kichwani na kila mara inabaki sehemu ndogo ambayo ni yangu. Naikubali. Niliulizwa na watu waliosoma, nikajibu, wakajenga juu ya jibu langu. Vijana, hao ndio wasanifu niliowajua: kila mmoja na upande wake, na wazuri kati yao walimuuliza hata mbeba waya.

Leo hapa Turwa jua lilikuwa kali, na wingu limekuja jioni bila mvua. Robhi, ambaye sasa ana mvi, ametutembelea na jogoo, tukamchinja. Mke wangu Ghati amesonga ugali wa mtama, na mgagani ameupika kwa maziwa. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mimi nilikwisha kunyoosha mkono. Ghati akaipitisha juu ya sahani yangu, akaiweka kwenye ya Robhi, kwa kuwa Bhoke hayupo na nyumba ile sasa ni yake. Robhi ameila yote, polepole. Mimi nimekula paja.